Aliyekuja Kusikiliza

Vitufe vya piano vilikuwa vimelowa. Selipher alivifuta, akatazama juu. Dari lilikuwa kavu, na tangu afike Jeddah mwaka ule wa 2014 hakuwa ameona mvua.

"Madam, umemwaga maji?"

"Hapana," Madam Hanadi alijibu, akimkwepa macho.

Mumewe, Baba Talal, alikuwa na mke mdogo Riyadh. Nyumba hii ya mtaa wa Aziziya aliijia kubadilisha nguo tu. Basi kila mchana Madam alijifungia na piano, akapiga muziki wa Mjerumani wa zamani aliyetunga kutokana na ngano za kwao. Alipenda ule wa mjane aliyepiga kinanda kando ya ziwa, mpaka mwanamke wa majini akatoka kumsikiliza.

"Kwetu Kenya, Madam, majini si wa kuchezewa," Selipher alimwonya. Madam akacheka.

Harufu ya tope la mtoni ikaanza kutanda sebuleni. Halafu, mchana mmoja, wakiwa wote wawili jikoni wanamenya vitunguu, piano ikalia yenyewe kule chumbani, polepole, muziki uleule, ikikosea na kurudia kama mtu anayejifunza, na kila iliporudia makosa yalipungua upesi kuliko binadamu yeyote awezavyo kujifunza, mpaka kisu kikamponyoka Madam.

"Nilimwita," Madam alinong'ona. "Nilisema, kama upo, njoo. Nyumba ilikuwa kimya mno."

"Mwambie Baba!"

"Ataniacha, Selipher. Atanichukulia watoto."

Hakumwambia. Aliacha kula, akaanza kuongea kwa sauti nzito isiyo yake, hadi Baba akarudi na sheikh. Sheikh alimsomea, akamnyunyizia maji, na ile sauti ikapanda kooni mwa Madam kama kitu kinachoburutwa kutoka kisimani.

"Niliitwa. Siondoki bila aliyeniita."

"Nani alikuita?"

Madam akafumbua macho, na yalikuwa macho yake mwenyewe, yamejaa machozi. Alimtazama mumewe. Kisha akamnyooshea kidole Selipher, aliyesimama mlangoni.

"Huyu. Huyu mfanyakazi."

"Madam! Kwa jina la Mungu, sema ukweli!"

Madam aliinamisha kichwa.

"Basi mfuate huyo," sheikh akaamuru, "na umwache mama wa watu." Baridi ikapita chumbani, mapazia yakatulia.

Jioni hiyohiyo Hezron, dereva Mkenya wa nyumba ile, alimpeleka Selipher kwenye hosteli ya wakala aliyemleta kazini, mtaa wa Al-Baghdadiyah.

"Madam amekula, dada," alisema, akiona haya. "Baba naye amesema Riyadh haendi tena mwezi huu. Halas, yameisha."

"Yameisha kwao," Selipher alijibu, akashuka na mfuko wake. Gari likaondoka.

Mlango ulifunguliwa na Valary, msichana wa Kisumu aliyekuwa akingoja kurudishwa nyumbani.

"Karibu, dada. Pole." Alitazama nyuma ya bega la Selipher, akatabasamu kwa adabu. "Ila godoro ni moja tu. Itabidi mbanane, wewe na mwenzako."