Madirisha ya Boti ya Owiti

Rangi ilikataa kukauka. Wasike, fundi wa mbao kutoka Nyamasaria, aliipaka ile milango ya madirisha rangi ya bluu mara mbili, akaianika juani mchana kutwa, na bado ukiigusa kidole kinarudi na maji.

"Mama Becky, hii mbao imekunywa ziwa," alimtania Atieno, mwenye nyumba. "Wacha itapike kwanza."

Mbao zilitoka kwenye boti ya Owiti, mume wa Atieno, iliyorudi Asembo Bay bila mtu. Mwili haukuonekana. Desturi ya huko haina mjadala: mtu akipotea majini, watu wake huzika tunda la mti wa yago badala yake, wakalia, wakamuaga. Atieno alikataa katakata. Azike tunda, na huenda mumewe yuko hai upande wa Uganda? Aliamua kumsubiri kwa nyumba nzuri, na boti akaipasua iwe madirisha. Mimi siwezi kumcheka. Alimpenda sana yule mtu.

Siku yalipotundikwa, nyumba ilinuka matope na samaki aliyelala, ingawa jikoni kulikuwa na mboga za sukuma wiki tu. Jioni iliyofuata, makomeo yakiwa yamefungwa kwa ndani, mbao zikagongwa taratibu kutoka nje. Becky, binti yao wa miaka sita, akainua kichwa.

"Mama, ni Baba. Anasema tumfungulie."

Atieno aliruka kwa furaha, ndiyo, furaha, na hapo ndipo hadithi hii inaponiuma. Mkono ulikuwa tayari kwenye komeo aliposikia ile pumzi nje, nzito, yenye maji ndani, pumzi ya kitu ambacho bado hakijajifunza kupumua. Akamkumbatia mtoto mpaka kukapambazuka, kisha akamkimbilia Mzee Ondiek, kaka mkubwa wa Owiti.

"Huyo si ndugu yangu," mzee alinong'ona, akikataa kuingia ndani. "Owiti alikufa. Hiyo ni jini ya ziwa. Imepata mtu hajazikwa, ikavaa sauti yake. Na wewe umeitengenezea mlango."

"Basi tuzike yago leo, Mzee. Nakuomba."

"Tutazika. Lakini sijui kama itasikia. Tumechelewa."

Walizika alasiri hiyohiyo. Wakati wazee wakiimba kaburini na Atieno akilia kilio alichokuwa amekizuia muda wote ule, na Wasike akitoka jasho kung'oa madirisha ya mbele, hakuna aliyemwona Becky akiingia ndani, akisukuma kiti hadi dirisha la nyuma, akivuta komeo polepole kama mtu aliyeambiwa asipige kelele. Walikuta kiti. Nje walikuta nyayo ndogo zikielekea majini, na kando yake mchirizi mpana, kama wa wavu uliolowa ukiburutwa.

Mbao zote zilichomwa, na Wasike akatia madirisha ya vioo. Mzee Ondiek akamwonya Atieno: ukiitwa, usiitike, hata iweje.

Jioni moja kioo kikagongwa, chini kabisa, pale mkono wa mtoto unapofika.

"Mama, nimelowa. Niletee sweta."

Atieno alijua. Hakujidanganya hata kidogo. Alitoa sweta ya shule kwenye sanduku, akaipasha joto kidogo kifuani, akafungua mlango.