Viti vya Kuazima Vilininyima Nyaboke

Nina umri wa miaka arobaini na minne, ni mjane, na ninaandika haya nikiwa nimechoka. Si uchovu wa kuchuma majani chai, huo nimeuzoea. Ni uchovu wa kusikia sauti ya mtoto niliyemlea ikitoka kwenye boma la mtu mwingine, karibu kabisa na mlango wangu, na nisiwe na la kufanya...

Naitwa Kwamboka, naishi huku Gesima. Mume wangu alifariki mwanzoni mwa miaka hii ya tisini, na Mungu hakutujalia mtoto. Rafiki yangu wa pekee alikuwa Bosibori, ambaye tulichuma chai pamoja tangu tukiwa wasichana. Alipozidiwa na ugonjwa alinishika mkono akaniomba nimchukue binti yake, Nyaboke, aliyekuwa na miaka saba. Baba wa mtoto hakujulikana. Jamaa za Bosibori walikuja mazishini, wakala, wakaondoka. Ningekataa vipi?

Nyaboke akawa wangu. Tulilala kitanda kimoja, kwa kuwa hakukuwa na kingine. Asubuhi, kabla sijawasha moto, alinisimulia ndoto zake, ndefu ajabu na zisizo na kichwa wala miguu, nami nilisikiliza zote. Akaanza darasa la kwanza. Mwalimu alisema ni mwepesi wa kusoma.

Ndipo chifu akaniita. Alinieleza kwamba mtoto asiye wa damu yangu hawezi kukaa kwangu hivi hivi. Lazima afisa wa watoto aje aikague nyumba mara mbili, kisha ofisi itoe kibali cha ulezi. Afisa alikuwa na gari moja kwa wilaya nzima, kwa hivyo tulipangiwa siku. Ziara ya kwanza ilikuwa wiki iliyofuata, ya pili mwisho wa mwezi, na kibali kingeanza kazi tarehe mosi ya mwezi ujao. Kabla ya tarehe hiyo, chifu alisema, mtoto huyo si wako bado.

Si wangu bado! Maneno hayo yalinikosesha raha.

Nilimweleza Kerubo, mke wa shemeji yangu, tunayepakana naye mashamba. Mumewe ana kazi katika duka la Mhindi mmoja mjini Kisii, na nyumba yao ina kila kitu. Kerubo alicheka akaniuliza kama kweli nataka kumkaribisha mtu wa serikali juu ya vigoda.

"Dada, ukimwonyesha hicho kitanda kimoja, mtoto ataenda," akaniambia. "Chukua viti vyangu. Chukua na kitanda kidogo. Hiyo siku ikiisha utanirudishia."

Nililia kwa furaha, ndugu msomaji! Tulibeba makochi, vitambaa vya kufuma, chupa ya chai yenye maua, kitanda cha chuma na godoro lake. Nyaboke aliizunguka nyumba akiogopa hata kukaa. Aliniuliza kama tumehamia kwa watu.

Afisa alikuja, mwanamume mpole wa kutoka upande wa ziwa, asiyejua Kigusii. Aliketi, akanywa chai, akaandika. Aliniuliza kama vitu ni vyangu, nami nikajibu kuwa ni vyangu. Ulimi haukuniuma hata kidogo. Alipoondoka alisema yote yako sawa, na kwamba atarudi mara moja tu kuhakikisha kabla ya tarehe mosi. Jioni hiyo hiyo Kerubo alichukua vitu vyake. Tukapatana kwamba nitaviazima tena siku ya ziara ya pili itakapofika.

Sikujua kwamba mvua ilikuwa imekata barabara ya upande mwingine wa wilaya, na kwamba afisa alikuwa amebadilisha ratiba ili aje kwetu mapema. Naibu wa chifu alimpa Kerubo ujumbe aniletee. Kerubo hakuniletea. Siku hiyo alipita langoni kwangu akanisalimu, "Bwakire!", akaniuliza kama nimeamka salama, akaendelea na safari yake!

Gari lilipofika nilikuwa shambani. Nilitoka mbio na kikapu mgongoni, nikamkuta afisa amesimama katikati ya nyumba tupu. Palipokuwa na kitanda cha chuma palikuwa pamefungwa mbuzi. Nyaboke alikuwa amejibanza ukutani.

"Mama, viti viko wapi?" aliniuliza.

Kabla sijapata la kusema, Kerubo aliingia, amevaa nguo ya kanisani na kitambaa kichwani.

"Afisa, mimi sipendi uwongo," alisema. "Hiyo viti ni yangu. Uliza mtu yeyote hapa. Kuja uone kwangu, chai iko tayari."

Chai iko tayari... Ndipo nilipoelewa yote. Niliketi chini, na kikapu bado kimening'inia mgongoni.

Kerubo alikuwa na watoto mapacha wachanga, na kumbe msichana wake wa kazi alikuwa ametoroka. Alihitaji mikono ya bure, na mikono hiyo aliiona kwangu ikiosha vyombo. Baada ya siku chache chifu alinieleza uamuzi wa ofisi. Mtoto atalelewa na Kerubo na mumewe, kuanzia tarehe mosi. Hadi hapo abaki kwangu.

Nani anaweza kunieleza nilivyoishi siku hizo? Nilipika wali ambao kwa kawaida tunaula Krismasi. Nilimsuka nywele, nikazifumua, nikamsuka tena ili tu nimshike kichwa. Yeye aliendelea kunisimulia ndoto zake, nami sikuwa na ujasiri wa kumwambia. Tarehe mosi asubuhi nilifunga nguo zake kwenye leso, nikamshika mkono, nikampeleka mwenyewe. Alipoona naondoka peke yangu hakulia. Aliniuliza nitamchukua saa ngapi.

Kabla ya mwezi kwisha alikuwa ameacha shule. Nilimwona kila siku na pacha mmoja mgongoni na mtungi kichwani. Nilisikia akichapwa. Nilimwendea shemeji yangu alipokuja kutoka Kisii, akasema hayo ni mambo ya wanawake. Nikaenda hadi ofisini kwa afisa, nikangoja hadi alasiri. Aliniambia kuna ziara ya kuangalia hali ya mtoto, imepangwa mwezi wa sita, na gari haliwezi kuja kabla ya hapo.

Nilivumilia hadi mwezi wa sita. Siku hiyo ilipofika nilichungulia kupitia ua wa mashamba yetu, nikamwona Nyaboke amevaa sare ya shule ya mtoto wa jirani, imemzidi mabega. Alikuwa ameketi juu ya yale makochi na kitabu mapajani! Sikujizuia. Niliingia nikapiga kelele kwamba ni uwongo, sare ni ya kuazima, mtoto hajaona darasa miezi yote hiyo!

Afisa alinitazama kwa huruma, na huruma yake iliniumiza kuliko hasira.

"Mama, si ni wewe ulinionyesha viti vya watu?" aliniuliza. "Sasa nikuamini vipi?"

Akamgeukia Nyaboke, akamuuliza kama anataka kukaa hapo au apelekwe mahali pengine. Nilimtazama mtoto kwa macho ya kuomba. Sema, mwanangu... sema! Nyaboke aliangalia chini, akajibu kwamba anataka kukaa hapo. Afisa akaandika, akaondoka.

Ndugu zangu, siku hiyo nilimchukia mtoto wa Bosibori. Ndiyo, nilimchukia! Sikumsalimu kwa wiki nzima. Hadi tulipokutana mtoni, wawili tu, nikamuuliza kwa ukali kwa nini alinikana mbele ya watu.

Akatua mtungi. Akaniambia Kerubo alimwonya kwamba akilalamika atapelekwa kwenye nyumba ya watoto, mbali sana, asikojua mtu.

"Hapa nakuona ukienda chai," alisema. "Huko sitakuona."

Nilimkumbatia pale pale kwenye matope, nikaomba msamaha hadi sauti ikanikauka.

Nimeandika haya kwa ajili yako unayengoja mtu aje kuikagua nyumba yako. Una kigoda kimoja? Mkalishe hapo hapo. Mnalala na mtoto kitanda kimoja? Mwonyeshe kitanda hicho. Akikataa, utabaki na neno lako, na siku mtoto atakapolihitaji litasikilizwa. Mimi langu nilishalitumia vibaya. Ziara nyingine imepangwa mwakani, na nikienda kusema sijui nani ataniamini. Lakini nitakwenda. Hadi siku hiyo, kila asubuhi ninaanza kuchuma chai upande wa ua wa Kerubo, hata pasipo na majani, ili mtoto anione.