Kola za Verediane

Kila asubuhi ukungu wa Ziwa Kivu ulipanda taratibu hadi mtaa wa Mbugangari. Verediane aliutazama kutoka kwenye cherehani yake. Mguu ulikanyaga, kitambaa kilipita chini ya sindano, na mawazo yake yalikwenda mbali. Alijiona amesimama mbele ya meza ndefu ya kukatia. Mkasi ulipita kwenye kitambaa kama mtumbwi juu ya maji yaliyotulia.

"Verediane!" Ilikuwa sauti ya Muhamadi, mwenye karakana. Alishika gauni la shule la buluu. "Ona hii kola. Upande mumoja iko inaangalia Goma, mwingine Ruhengeri! Wateja wamerudisha tena."

Wenzake walicheka. Verediane aliinamisha uso.

Mwaka huo wa 1999, fundi mkataji alikuwa amehamia Kigali, na kila mshonaji alijikatia mwenyewe. Verediane aliomba nafasi yake mara mbili. Mara zote Muhamadi alimjibu, "Bado." Sasa alisema atachagua mtu kabla shule hazijafunguliwa. Ilibaki miezi miwili.

Alasiri moja Verediane alikaa uani na jirani yake Kaltumu, wakichambua maharage. Kaltumu alikuwa amerudi kutoka Tanzania. Huko alikuwa mkaguzi wa vitambaa kiwandani kwa miaka tisa.

"Mi sina bahati, dada," Verediane alisema.

"Mwezi huu umerudishiwa nguo ngapi?"

"Sijui. Nyingi."

"Zilikuwa na kosa gani?"

"Kola... na vitu vingine. Sijui."

Kaltumu aliweka ungo chini. "Kiwandani, kitambaa kikitoka kibaya, hatukuanza kutafuta wa kumlaumu. Tulitafuta kosa limeanzia wapi. Tukarekebisha hapo, kisha tukapima tena. Nawe jitazame hivyo hivyo. Lakini kwanza tulimuuliza mnunuzi anataka nini. Umewahi kumuuliza Muhamadi anataka mkataji wa namna gani?"

Verediane alitikisa kichwa. Hakuwahi.

Kesho yake aliuliza. Muhamadi alishangaa, akaweka chini glasi ya chai.

"Bon, sawa. Nataka mutu akikata, mwingine ashone bila kurudi kumuuliza. Ni hiyo tu."

Verediane alibandika karatasi ukutani. Kila nguo iliporudishwa, aliandika kosa na wakati alioishona. Baada ya wiki mbili Kaltumu alikuja kuisoma.

"Kola, kola, kola. Na karibu zote ni za mchana. Mchana kuna nini hapa?"

Verediane alicheka kwa aibu. "Jua linapiga ziwani, maji yanametameta. Mi naangalia tu, naenda mbali."

"Na kola unazikata vipi?"

"Kwa macho."

"Basi anza na jambo moja. Ukiona limesaidia, ongeza la pili."

Verediane alikata patroni ya kola, kielelezo cha kufuatisha mkasi, kwa karatasi ya mfuko wa saruji. Wiki hiyo zilirudi nguo nne badala ya saba. Wiki iliyofuata aligeuza kiti chake, akaliacha ziwa nyuma ya mgongo. Ilirudi moja.

Kisha alimpa mwenzake Larissa vipande alivyokata, avishone. Larissa aliuliza mara tatu: wapi mbele, wapi nyuma, pindo ni kiasi gani? Verediane aliandika maswali yote matatu. Safari ya pili aliweka alama za chaki. Larissa alishona gauni zima akiimba, bila kuuliza kitu.

Muhamadi alikuwa mlangoni, akitazama. Alichukua gauni lile, akaligeuza ndani nje.

"Donc, yaani ulianza lini kukata hivi?"

"Tangu siku ile nilikuuliza."

Muhamadi aliondoa vitambaa vilivyorundikwa juu ya meza ya kukatia, akaifuta vumbi kwa kiganja chake. "Njoo, mama. Hapa ni pako."

Jumatatu shule zilipofunguliwa, Verediane alisimama barabarani. Wasichana walipita ndani ya ukungu, buluu baada ya buluu, kama wanaelea. Mmoja alianza kukimbia, akaruka dimbwi, akageuka kuwaita wenzake. Kola yake ilikuwa imelala sawasawa, kushoto na kulia.