Kilima Juu ya Ghala

Afisa mipango miji alishuka ngazi za jengo la halmashauri mbilimbili, tai imemrukia begani.

Sindano alimfuata bila papara. Alikuwa jasusi wa idara ya usalama, na yule aliyekuwa akimkimbia ni mume wa mdogo wake.

Redio ikakwaruza sikioni. Mkuu wake.

"Umempata?"

"Namwona."

"Kura ya madiwani ya kupitisha hoteli kilimani?"

"Haipigwi. Mwenyekiti ameshaelewa."

Mpango wa taifa ulikiacha kile kilima wazi, asijenge mtu. Mkoa ukaafiki. Ilibaki halmashauri, na huko shemeji akabadilisha matumizi ya ardhi: eneo la hoteli. Wawekezaji wenyewe hawakuwa na haja na watalii. Kutoka kileleni, ghala la makombora la jeshi lilionekana kama sinia mezani.

Sindano alimbana shemeji ukutani, kwenye maegesho ya chini.

"Shemeji, sikujua. Haki ya Mungu."

"Mlinzi wa kilima, wawekezaji wako walimfukia angali anapumua. Ulikuwa umesimama pale."

"Ningefanya nini?"

Sindano aliitazama Land Cruiser nyeusi iliyokuwa ikinguruma mwisho wa maegesho. Mgeni aliyekuwa ndani, kiongozi wa wale wawekezaji, idara ilimsaka mwaka mzima, na haikuwahi kumkuta na silaha mkononi. Tena hakuwa mtu wa kumwacha hai aliyemharibia kazi.

Akamwachia shemeji yake kola.

"Nenda. Wenzio wanakusubiri."

"Unaniachia?"

"Kimbia kabla sijageuza nia."

Akakimbia, mikono juu, akicheka kwa furaha kama mtoto.

Kioo cha gari kikashuka.

Bastola ilikuwa na kiwambo cha sauti. Ilikohoa mara moja tu. Shemeji alitangulia magoti, kisha uso.

Glock ya Sindano ilikuwa tayari mkononi. Risasi ya kwanza ikapasua tairi. Ya pili ikaingia begani mwa mgeni. Akamburuza nje, akakanyaga jeraha kwa kisigino mpaka bastola ikamponyoka.

"Ungeweza kumwokoa," mgeni alisema kwa taabu.

"Ningekukosa wewe."

Akamfunga pingu.

"Hali?" mkuu akauliza redioni.

"Mmoja mzima, mmoja maiti. Leteni gari."

"Maiti ya nani?"

"Ya nyumbani."

Vijana wa idara walipomchukua mgeni, simu ikaita. Mdogo wake.

"Dada, mwenzangu hapokei simu. Nimpakulie chakula au nisubiri?"

"Usimpakulie."

Akakata. Akafuta damu kwenye kiatu kwa tai ya marehemu, akapanda ngazi kuelekea juani.