Kufuli Mbili kwenye Ghala la Kaka Lameki

Ilikuwa saa tisa na dakika ishirini alasiri, siku ya Alhamisi, simu yangu ilipoita. Nilikuwa dukani kwangu Nyololo, ninakouza vipuri vya pampu na mashine. Nina umri wa miaka hamsini na mbili, nina mke na watoto wanne, na shule niliishia darasa la saba. Mengine yote nimejisomea mwenyewe. Hata sheria nilijisomea... na hapo ndipo ubaya wangu ulipoanzia.

Aliyepiga alikuwa shemeji yangu, Mama Tumaini, mjane wa kaka yangu Lameki. Alikuwa Ubaruku, kwenye mashine yetu ya kukoboa mpunga.

"Kamwene, shemeji," alinisalimu akihema. "Upepo umeng'oa bati la ghala. Mvua inaingia kwenye mpunga wa watu. Njoo na ufunguo!"

Sikuenda.

Ndugu zangu, naandika haya kwa aibu. Mashine ile tuliinunua wawili, mimi na kaka. Yeye alihamia Ubaruku kuiendesha, mimi nikabaki Nyololo na duka. Wakulima wa kule wakivuna hawauzi mara moja. Huacha magunia kwenye ghala la mwenye mashine, wakisubiri bei ipande, ndipo wakoboe. Kwa kaka waliacha kwa kumwamini tu. Akisema gunia lako lipo, lipo.

Kaka alifariki mwezi wa saba, ghala likiwa limejaa. Hata arobaini haijafika, nilidai mashine yote ni yangu, kwa kuwa pesa nyingi ya kununulia ilitoka kwangu. Shemeji alisema nusu ni ya marehemu na watoto wake. Alikuwa na haki! Nilijua ana haki. Lakini nani alinizuia? Hakuna!

Kesi ikafika mahakamani Mbeya. Tukaweka kufuli mbili kwenye mlango wa ghala, yake na yangu, ili asiingie mmoja bila mwenzake. Wakati ule niliona ni akili kubwa sana.

Shemeji akaiomba mahakama iteue msimamizi wa muda: mtu baki, asiye wa kwangu wala wa kwake, akabidhiwe mashine na ghala, aviendeshe, atunze mapato na kutoa hesabu mpaka hukumu itoke.

Nilisoma juma zima kutafuta namna ya kumpinga. Nikaelewa kwamba mahakama haiondoi mali mikononi mwa watu kirahisi. Lazima ionyeshwe kuwa mali iko hatarini kuharibika au kutapanywa, na kwamba njia nyingine nyepesi haitoshi. Nikang'ang'ania hapo hapo. Nikaapa kuwa ghala ni zima, kufuli mbili zinatosha, na kumlipa mtu baki laki nne kila mwezi ni kutafuna mali ya marehemu.

Hakimu aliniuliza kama paa litahimili mvua.

"Litahimili, mheshimiwa," nilijibu.

Na kaka, miezi michache kabla hajafa, alikuwa ameniambia kwa kinywa chake: "Mdogo wangu, misumari ya paa upande wa mfereji imeliwa na kutu. Tuibadilishe kabla ya mvua."

Nilikumbuka maneno hayo nikiwa nimesimama mbele ya hakimu. Nikayameza...

Ombi la shemeji lilikataliwa. Hakimu aliamua kwa yale niliyomwambia, akaamuru kufuli zibaki na mtu asizivunje. Tulipotoka nje shemeji alinitazama akasema, "Haya, umeshinda. Mvua ikija, nayo utaiwekea pingamizi?"

Nilicheka! Nilidhani ni hasira za aliyeshindwa.

Basi siku ile ya Alhamisi, miezi miwili baadaye, niliona simu yake ni mtego. Niliwaza: nikifungua, ataingia na hatatoka. Nikamwambia aandike barua. Akasema, "Shemeji, barua ya nini? Mimi nitasimama kule barabarani, uingie peke yako!" Nikamjibu kwamba akithubutu kuvunja kufuli yangu, nitamshtaki kwa kudharau amri ya mahakama.

Akakata simu. Nasikia alipanda yeye mwenyewe juu ya paa na turubai, majirani wakimshikia ngazi. Upepo ukalichana.

Siku ya kumi na moja alinipigia Mzee Masanja, mfugaji aliyehamia Usangu kutoka Shinyanga na kuanza kulima mpunga. Hakufoka.

"Bwana mkubwa," alisema, "mpunga wetu umeota."

Ndipo nikaenda.

Tulifungua kufuli zote mbili, shemeji ya kwake, mimi ya kwangu, Mzee Masanja akisubiri nyuma yetu. Joto na uvundo vikatupiga usoni. Miche ya kijani ilikuwa imetoboa magunia, imesimama humo ghalani kama kitalu! Gunia mia mbili na ishirini hazikufaa hata kwa kuku.

Mzee Masanja aling'oa mche mmoja akaniwekea mkononi. "Wewe msomaji wa vitabu," alisema, "nitafutie ukurasa unaosema mche huu utalipa badala ya mpunga wangu, mke wangu akapasuliwe macho."



Shemeji ndiye aliyejibu. Aliuza ng'ombe wake wawili wa maziwa, mke wa Masanja akatibiwa. Yeye, niliyemwita mwizi mahakamani! Alipoomba tena msimamizi wa muda sikupinga. Nilikiri mbele ya hakimu kuwa paa nililijua. Msimamizi akaja, akaezeka, akawasha mashine... lakini nani alete mpunga? Jina la kaka lilikuwa limeoza pamoja na yale magunia. Mwishowe mashine iliuzwa, na wakulima wakalipwa kwanza, kutoka fungu langu.

Tukikutana, Mama Tumaini hunisalimu vizuri. Ila haniiti tena shemeji. Ananiita "mzee," kama mpita njia.

Ndugu msomaji, kama mnagombea kiwanja kitupu, huenda kikasubiri hukumu bila madhara. Lakini mkigombea kitu kinachohitaji mkono kila siku, mashine, shamba, mifugo, na ndani yake mna jasho la watu wasiohusika na ugomvi wenu, nakusihi usimpinge mtu baki! Muombe wewe mwenyewe kabla mwenzako hajaomba. Na hakimu akikuuliza kuhusu paa, sema kweli.

Kwa miezi ile miwili niliokoa laki nane za kumlipa msimamizi. Mpunga ulioota ulikuwa wa shilingi milioni kumi na tisa na laki nane.