Maili Kumi na Nne za Binafsi

Desmond Lumb alikutwa amelala kifudifudi nyuma ya ghala la kampuni, kando ya gari lake, na mvua ya Wakefield ilikuwa imemnyeshea mpaka koti lake la kijivu likawa jeusi. Aliyemwona ni mfagiaji, saa kumi na mbili na nusu asubuhi ya Ijumaa. Alidhani ni mtu anayechungulia chini ya gari, akamsalimia.

Inspekta Frank Sugden alifika saa moja kasorobo, hajanywa chai, na hilo peke yake lilitosha kumharibia siku.

"Pigo moja," daktari wa uchunguzi alisema bila kuinuka. "Juu ya sikio la kushoto. Chuma. Si nyundo. Kichwa cha chuma chenyewe ni cha duara na kina tundu katikati. Kimeacha alama kama mhuri."

"Saa ngapi?"

"Jana jioni, kati ya saa kumi na mbili na saa mbili."

"Alipigana?"

"Hapana. Mikono haina hata mkwaruzo. Aliyempiga alisimama karibu naye kama nilivyo karibu na wewe."

"Basi ni mtu anayemjua."

"Hilo lako, Frank. Mimi ni wa vichwa tu."

Pochi ilikuwemo mfukoni, saa mkononi, simu kwenye koti. Sajini Rubina Chaudhry alitoa karatasi iliyolowa katika mfuko wa ndani, akaikunjua kwa ncha za glavu.

"Agizo la magari, bosi. Magari saba madogo ya dizeli. Aina haijaandikwa bado."

"Nani anaua mtu kwa ajili ya kigari cha dizeli?"

"Hujawahi kufanya kazi ya mauzo, bosi."

* * *

Kampuni ya Crabtree iliuza bawaba na makomeo ya milango kaskazini yote ya Uingereza. Mkurugenzi, Bi. Fenella Crabtree, aliwapokea akiwa amesimama.

"Desmond alikuwa msimamizi wa magari," alisema. "Mkataba wa magari ya zamani umekwisha. Alileta vigari vitatu vya majaribio, vyote vya moshi mdogo ili kodi iwe ndogo. Maafisa mauzo wamevizungusha wiki nzima, kila mmoja na zamu yake. Leo saa tatu ndiyo mwisho wa kurudisha fomu za majaribio, zenye maili na chaguo la kila mmoja."

"Maafisa wangapi?"

"Wanane."

Sugden aliilaza ile karatasi mezani. "Hapa pameandikwa saba."

Bi. Crabtree aliangalia dirishani. "Mmoja anaondoka. Ataambiwa Jumatatu."

"Nani?"

"Malcolm Oldroyd. Ana miaka ishirini na sita hapa. Eneo lake linaunganishwa na la Wayne Stott."

"Na huyo Oldroyd naye anajaribu magari?"

"Tungemtoa kwenye zamu, angeshtuka."

"Kwa hiyo mmemvisha kilemba cha ukoka wiki nzima. Achague gari ambalo hatalipanda."

"Inspekta, hukuja kunifundisha kazi yangu."

"La. Nani mwingine alijua?"

"Mimi na Desmond. Basi."

Kwenye ngazi, Chaudhry alisema, "Kama Oldroyd hakujua, hakuwa na sababu."

"Kama," alisema Sugden.

* * *

Wayne Stott alikuwa na miaka thelathini, nywele zimelazwa kwa mafuta, na mwili mrefu kama mlingoti. Alikaa huku magoti yakigonga meza.

"Tumeambiwa juzi ulimwambia Lumb utamzika," Chaudhry alianza.

"Nilimwambia akinipangia yule Mfaransa, basi anizike ndani yake. Huo ni mzaha, dada. Mimi nina futi sita na inchi nne. Nikiingia mle, magoti yanapiga honi."

Maafisa walikuwa wamevipa vigari majina: Mfaransa ni chekundu, Mjerumani ni cheupe, Mjapani ni cha bluu.

"Wewe ulimtaka yupi?"

"Mjerumani. Nani hamtaki? Lakini mzee Malcolm amewatia wote kiwewe na Mjapani wake. Amepima buti la mizigo, amepima milango, nusura ampime na mapigo ya moyo."

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Baa. Natupa vishale. Waulize watu ishirini jinsi nilivyoshindwa."

"Na gari gani unaendesha leo?"

"Huyo huyo Mjapani. Nimekabidhiwa na Malcolm leo saa mbili na nusu." Aliusukuma ufunguo mezani. "Chukueni. Mimi leo siendi popote. Desmond alikuwa mchoyo wa magari, lakini hakustahili hili."

* * *

Malcolm Oldroyd walimkuta kantini, tai imefungwa vizuri, viatu vinang'aa, mbele yake mkate wenye nyama ya nguruwe ambao hakuugusa. Alikuwa na miaka hamsini na saba. Alisimama Chaudhry alipofika, jambo ambalo wanaume wa rika la Stott walishalisahau.

"Ulimjua Lumb kwa muda gani?"

"Mimi ndiye niliyemfundisha kazi. Alikuja hapa hajui bawaba wala komeo. Jumapili nyingi alikula kwetu. Glenda humwekea viazi vya kuoka vya pembeni mwa sinia, vile vilivyoungua kidogo. Alivipenda hivyo."

"Glenda ni mkeo?"

"Ndiyo. Miguu yake haifanyi kazi, mwaka wa sita sasa. Ndiyo maana nilisumbua watu na buti. Gari la kampuni ndilo gari letu, inspekta, hatuna jingine. Hospitali, dukani, kwa dada yake Scarborough. Bila gari, Glenda anakaa dirishani." Alitoa karatasi yenye mistari. "Mfaransa, kiti cha magurudumu hakiingii mpaka ukingoe gurudumu. Mjerumani, kinaingia lakini kinakwaruza. Mjapani kinaingia kizima. Tulipima mara mbili."

Sugden aliitazama ile karatasi ya vipimo. Huyu mtu anamweleza habari za buti, na yeye anajua hakuna buti.

"Jana ulikuwa wapi?"

"Nilikwenda Hull kuuza. Nikarudi nyumbani Dewsbury saa kumi na moja. Sikutoka tena."

"Mkeo atathibitisha?"

"Alhamisi saa kumi na moja na nusu basi la hospitali humpeleka kwenye mazoezi ya maji. Hurudi saa mbili. Nilikuwa peke yangu." Kisha akachomoa fomu nyingine kwenye mkoba, imekunjwa sawasawa, akampa Sugden kwa mikono miwili. "Fomu yangu. Desmond aliitaka kabla ya saa tatu. Sasa sijui nimpe nani."

Sugden aliipokea, akaitia mfukoni bila kuisoma.

* * *

Vile vigari vitatu vilisimama uani, vimeloa. Sugden alizunguka kama mnunuzi. Akafungua mlango wa nyuma wa Mfaransa, akainua zulia la buti. Hapakuwa na tairi la akiba. Palikuwa na kopo la povu tu.

"Hii ni nini?"

"Ukipata pancha unapulizia hilo ndani ya tairi na kuomba Mungu," alisema Chaudhry. "Wameondoa tairi la akiba ili gari liwe jepesi, lipunguze moshi."

Mjerumani naye, kopo la povu.

Mjapani alikuwa na tairi. Tairi zima, jipya, na kando yake kikasha cha vifaa: jeki, ndoano ya kuvutia, na nafasi moja tupu. Nafasi yenyewe ilikuwa na umbo la herufi L, ncha moja imepanuka duara.

"Spana ya magurudumu," Chaudhry alisema polepole. "Kichwa cha duara, tundu katikati."

"Jana jioni gari hili lilikuwa kwa nani?"

Wote wawili walilijua jibu. Sugden akaikumbuka fomu. Aliikunjua juu ya tairi, akiikinga na mvua kwa mgongo.

Kila dereva wa gari la kampuni huandika kila jioni: maili za kazi upande huu, maili za binafsi upande ule, kwa ajili ya watu wa kodi. Karibu wote hudanganya. Safari ya kwa mama mkwe huitwa safari ya kazi, na hakuna anayekufa kwa hilo. Sugden mwenyewe, enzi zake, alikuwa na mama mkwe mwenye shughuli nyingi sana za polisi.

Mwandiko wa Oldroyd ulikuwa umenyooka kama wa daftari la shule. Jumatatu, binafsi: sifuri. Jumanne alikuwa na Mfaransa, sifuri. Jumatano Mjerumani, sifuri. Alhamisi, Mjapani: Hull na kurudi, kazi, mia moja thelathini na moja.

Na chini yake: binafsi, kumi na nne.

"Kutoka kwake mpaka hapa ni maili ngapi?"

Chaudhry hakuhitaji ramani. "Saba, bosi."

* * *

Kituoni, Oldroyd alikataa wakili. Chaudhry aliwasha kinasa sauti, akataja saa na majina. Sugden alimkumbusha kwamba halazimiki kusema lolote.

"Ulisema kwamba jana jioni hukutoka."

"Ndiyo."

"Huu ni mwandiko wa nani?"

"Wangu."

"Kumi na nne, binafsi. Ulikwenda wapi, Malcolm?"

Oldroyd aliitazama ile namba muda mrefu. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyekuta mlango wa nyumba yake wazi.

"Niliandika," alisema.

"Uliandika. Kwa nini?"

"Ni kila jioni. Nafika, nazima gari, naandika. Sikufikiri."

"Ungeliandika kazi, nisingeliuliza."

"Ningeandikaje kazi? Haikuwa kazi."

Chaudhry aliinamisha kichwa.

"Tueleze," Sugden alisema.

"Nilikuwa na furaha. Hilo ndilo linalonitia kichefuchefu. Nilimpigia simu Desmond, akasema yuko ghalani mpaka saa moja. Nikasema nakuja, nataka uone mwenyewe kwa nini ni Mjapani. Akasema subiri kesho. Sikumsikiliza. Nilifika, nikafungua buti, nikamwonyesha vipimo. Nikamwambia, na tazama, hili lina tairi la kweli, siyo kopo la povu. Nikiwa na Glenda kwenye barabara ya Scarborough nikapata pancha, nabadilisha mwenyewe. Nikatoa spana kumwonyesha."

"Ilikuwa mkononi."

"Ilikuwa mkononi. Naye akaanza kulia. Mwanamume mzima. Akasema, Malcolm, acha, jina lako halimo. Ni magari saba."

"Ndipo ukampiga."

"Hapana." Alitikisa kichwa kama mwalimu anayemsahihisha mwanafunzi. "Sikumpiga kwa hilo. Kazi ni kazi. Nilimwambia, sawa, Desmond, umefanya ulichoagizwa. Ila naomba jambo moja. Usimwambie Glenda. Niachie mimi nitafute namna."

Alirekebisha fundo la tai. Kinasa sauti kiliendelea kuzunguka.

"Akasema nini?"

"Akasema, Malcolm, Glenda anajua. Nilimwambia wiki tatu zilizopita. Alisema tukuache kwanza, umechangamka, hujachangamka hivi tangu yeye alipougua."

Sugden aliisogeza fomu kando.

"Wiki tatu," Oldroyd alisema. "Tulipima buti pamoja, inspekta, pale mbele ya nyumba. Mimi nimepiga magoti, yeye kwenye kiti, ananishikia ncha ya futi. Ananiuliza, inchi ngapi, mpenzi? Namwambia thelathini na nane. Anasema, basi kitaingia. Jirani anapita, anamwambia jirani, tunapata gari jipya. Na anajua. Yule mwingine anakula viazi mezani kwangu, anajua. Wanatazamana. Mimi ndiye mtoto wa nyumba, nachezewa shere na watu wawili niliowapenda kuliko wote. Sikumwona Desmond tena. Niliwaona wawili."

"Spana iko wapi?"

"Mferejini, nyuma ya ghala. Nilipoitupa niliona bado ni mpya, ina ile karatasi ya kiwandani."

"Na asubuhi ya leo kantini," Chaudhry alisema kwa sauti ya chini, "ulituambia habari za buti kana kwamba hujui lolote."

"Huo haukuwa uongo, binti. Kiti kinaingia kweli."

Chaudhry aliandika maelezo yote, akayasoma kwa sauti, mstari kwa mstari. Oldroyd alisahihisha namba moja: inchi thelathini na nane na nusu, siyo thelathini na nane. Akatia sahihi kila ukurasa.

Kisha akaiweka kalamu chini.

"Hayo ya Glenda," alisema. "Kwamba alijua, na kwamba ndiyo sababu. Yatasomwa mahakamani?"

"Yatasomwa."

"Naye atakuwepo?"

"Nadhani atakuwepo."

"Mbele ya watu wote."

"Siwezi kuyafuta, Malcolm. Ndiyo sababu yenyewe."

Oldroyd aliitazama mikono yake. Sugden alingoja ombi, kwa maana wote huomba, na alikuwa na jibu lake tayari.

"Sisemi uyafute," Oldroyd alisema. "Nenda leo. Kaa naye, umwambie yote. Sitaki naye awe wa mwisho kujua."