Jogoo wa Matonya na Mayai ya Buluu

Sikilizeni wenzangu, mnaofuga na msiofuga. Enzi za Mdachi, reli ilipokwisha kufika Dodoma, kulikuwa na tembe moja, nyumba ya udongo yenye paa bapa, upande wa Ihumwa, iliyopendeza jioni. Kuku walirudi wenyewe, wakaingia kulala na watu, na mama wa nyumba, Ruthu, akawarushia punje za mtama. Kila baada ya mavuno majirani walibadilishana majogoo, ili kizazi kisichoke.

Ndipo kuku mmoja akataga yai la buluu. Matonya, mume wa Ruthu, alilipeleka kambi ya reli, na Mjerumani mmoja akampa kofia yake kuukuu. Tangu hapo kofia haikumtoka kichwani, wala mayai hayakumtoka moyoni. Kuku wengine akawagawa hovyo. Jogoo wa jirani akamfukuza kwa mawe. Jogoo wake akampandisha kwa mitetea aliowazaa jogoo huyohuyo, kisha kwa wajukuu wake, humohumo ndani, mlango umefungwa, rangi isipotee.

"Baba Lydia, umewafanya nini hawa viumbe?" Ruthu aliuliza.

"Wewe jua kupika. Mimi najua wanachotaka Wazungu."

Niwaambie kilichoanguliwa? Vifaranga vyenye midomo iliyopinda, vingine bila macho, vikiburura matumbo. Utitiri ulitambaa kwenye vyungu. Mayai yalirundikwa chini ya kitanda yakimngoja Mjerumani aliyekwisha kuhama. Joto liliyapasua, ute mweusi ukatiririka hadi mkekani. Na hakuna aliyeruhusiwa kula hata moja!

Katika uvundo huo Lydia, binti yao, akaja kujifungua kwa mama yake. Alitoka damu nyingi. Mtoto alinyonya, maziwa hayakutoka.

"Nipe kuku mmoja," Ruthu alisihi. "Mzazi anataka supu."

"Hao si wa kuliwa."

"Na Lydia, ni wa kuzikwa?"

Matonya alishusha kofia machoni.

Ruthu akamkamata yule jogoo, akamchinja mbele ya mumewe. Alipompasua, harufu ilimsukuma nyuma: maini yameoza, minyoo imesokotana kama uzi. Akatapika. Mbwa alinusa, akaondoka. Matonya akakiona alichokuwa akikilinda.

"Hodi!" Alikuwa Mwamvua, jirani wa kabila la Warangi, yule ambaye jogoo wake alipigwa mawe. Kwapani alikuwa na kuku. "Nimesikia mtoto analia njaa. Mleteni mzazi kwangu."

Habari ya mawe hakuitaja. Aliitazama mikono ya Ruthu, akachukua kibuyu, akammiminia maji anawe.

Lydia akapelekwa kwa Mwamvua, akanywa supu. Kesho yake maziwa yakatoka. Matonya akaja, akasimama nje ya kizingiti, kofia mkononi.

"Mwamvua, dada yangu, nimwone mjukuu?"

"Kwa mikono inayonuka hivyo? Nenda kasafishe nyumba yako kwanza, shemeji."

Akaenda. Watu wa Ihumwa walimwona kutwa nzima akizoa mayai yaliyooza na kuyatupa shimoni, akitumia ile kofia.

FUNZO

Wenzangu, kuku wa nyumbani ni wa kulisha nyumba. Ukimthamini kuliko mwanao, umeanza kuoza wewe kabla ya mayai. Badilishaneni majogoo, fagieni mnapolala, na mzazi apate supu yake kabla ya mgeni kupata yai la rangi.